Sungura wa udongo na hesabu ya sekunde 30

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika katika shule za Tanzania Bara Januari 2024, neno umahiri limekuwa halikosi kutajwa katika semina za walimu, na pamoja nalo zimeingia madarasani shughuli ambazo wazazi wengi hawakuzikuta enzi zao. Mojawapo, ambayo walimu wachache wameanza kuijaribu, ni utengenezaji wa filamu fupi za udongo. Wanafunzi wanafinyanga wahusika wa hadithi, wanawapanga mezani, wanapiga picha, wanawasogeza kidogo, wanapiga nyingine, na picha hizo zikiunganishwa na kuonyeshwa kwa kasi, sungura wa udongo anaonekana akitembea. Wanaoipinga shughuli hii wanaiona kuwa ni mchezo wa chekechea uliopewa jina la heshima. Wanaoiunga mkono wanaisifu kuwa ni maandalizi ya ajira za kidijitali. Hivi karibuni limejitokeza kundi la tatu linalosema kwamba, kwa kuwa akili mnemba sasa inatengeneza katuni kwa maelekezo ya sentensi moja, hakuna haja ya mtoto kuchafua mikono. Kwa maoni yangu makundi yote matatu yanakosea mahali pamoja: yanaitazama filamu iliyokamilika, ilhali faida ya somo hili imo katika zile saa chache ambazo mtoto analazimika kuigawa hadithi yake katika sehemu ndogondogo, kuzihesabu, na kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Ubora wa filamu yenyewe ni jambo la pembeni, na mara nyingi filamu hizo, tuseme kweli, ni mbaya.

Kiswahili kinayo istilahi nzuri ya kazi hii, uhuishaji, yaani kukitia uhai kitu kisicho nacho. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza kuliko kuutekeleza. Filamu ya kawaida ya sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Wahuishaji wengi hupiga picha 12 tu na kuionyesha kila moja mara mbili, na kwa darasani hata picha 8 kwa sekunde zinatosha jicho likubali kwamba limeona mwendo, ingawa mwendo huo utakuwa na mikatiko. Kwa hiyo filamu ya sekunde 30 inadai picha 360 ikiwa ni 12 kwa sekunde, au picha 240 ikiwa ni 8. Inafaa kukumbuka kwamba udongo huu una historia ya darasani tangu mwanzo. Plastisini, ule udongo usiokauka ambao studio kubwa za Ulaya na Marekani zimeutumia kwa miongo mingi, ulibuniwa mwaka 1897 na William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa mji wa Bath nchini Uingereza, kwa sababu wanafunzi wake wa uchongaji walisumbuliwa na udongo uliokauka kabla hawajamaliza kusahihisha kazi zao. Waanzilishi wa studio ya uhuishaji ya Aardman ya Bristol, Peter Lord na David Sproxton, nao walianza majaribio yao wakiwa wanafunzi wa sekondari, juu ya meza ya jikoni. Yaani zana hii ilitoka darasani kwenda studio, na wanaodai kwamba tunawaletea watoto teknolojia ya wakubwa wameigeuza historia juu chini.

Wala si lazima kwenda Uingereza kutafuta chimbuko. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela wanafinyanga vyungu ambavyo husafiri kutoka soko la Matema hadi mbali, na Upareni ufinyanzi ni kazi ya kurithishana kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Watoto wa wafugaji, kuanzia Umasaini hadi Karamoja, wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wenye nundu na pembe ndefu bila kufundishwa na mtaala wowote, na ng'ombe hao hawakai kama mapambo, kwani huswagwa, hunyweshwa, huibwa na kukombolewa kwa masimulizi ya siku nzima. Kinachoongezwa na kamera ni kipimo cha muda. Barani Afrika uhuishaji nao una umri wake. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akiufanya tangu miaka ya 1960, na jirani yetu Jean-Michel Kibushi wa Kongo aliipa studio yake jina la Malembe Maa, ambamo malembe ni neno la Kilingala lenye maana ya polepole. Mwaka 1992 Kibushi alitengeneza filamu fupi kutokana na michoro ya watoto wa Kinshasa walioshuhudia uporaji na ghasia za Septemba 1991. Nitarudi kwa watoto hao baadaye, kwa sababu kazi yao inagusa jambo ambalo mjadala wetu umelisahau.

Nilipata nafasi ya kukaa asubuhi moja katika darasa la sita la shule moja mkoani Morogoro, ambapo mwalimu alikuwa na kishikwambi kimoja na wanafunzi zaidi ya 70. Walikuwa wameandika hadithi ya sungura na fisi kisimani, kurasa mbili zilizojaa, ikianza na hapo zamani za kale na kuendelea kwa sentensi za kupendeza kama vile “fisi alikasirika mno” na “wanyama wote walishangaa”. Mwalimu akawataka waandike pembezoni mwa kila sentensi idadi ya picha itakazohitaji. Hapo ndipo darasa lilipokwama, na kukwama huko ndiko kulikokuwa somo. Zamani za kale haina picha. Wanyama wote ni wanyama wangapi, na nani atawafinyanga? Hasira ya fisi itaonekanaje kwenye uso wa udongo wenye macho ya mbegu za papai? Baada ya mabishano marefu wakakubaliana kwamba fisi ataangusha ndoo, atatazama chini, kisha atageuza kichwa taratibu kumtazama sungura, na wakapanga picha 20 kwa tendo hilo. Kurasa mbili zikabaki sentensi saba. Nimesahihisha insha kwa miaka kadhaa na ninajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mwanafunzi afute hata neno moja alilokwisha kuliandika, lakini hawa walifuta wenyewe, tena kwa furaha, kwa sababu kila neno lilikuwa na gharama wanayoiona.

Hesabu nayo haikuwa ya kulazimisha. Meza ilikuwa na upana wa sentimita 60, fisi alitakiwa kuivuka kwa sekunde 5, na kwa picha 8 za kila sekunde hizo ni hatua 40, kwa hiyo kila hatua ni sentimita moja na nusu. Fisi akianza kukimbia, hatua zinaongezeka urefu huku idadi ya picha ikipungua, na mtoto aliyekuwa hajaielewa dhana ya mwendokasi ubaoni anaishika kwa rula. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kwenda mbali zaidi. Kitu kinachodondoka, kikipigwa picha 12 kwa sekunde, hushuka takriban sentimita 3.4 katika nafasi ya kwanza, sentimita 10.2 katika ya pili na sentimita 17 katika ya tatu, yaani kwa uwiano wa 1, 3 na 5. Mwanafunzi anayemdondosha embe wa udongo kwa hatua zilizolingana atamwona embe wake akishuka kama lifti, atacheka, kisha atauliza kwa nini. Swali hilo likitoka kwake mwenyewe, nusu ya kazi ya mwalimu imekwisha.

Asubuhi ile ile ilitokea pia hitilafu ambayo wataalamu wangeiita kosa la kiufundi. Meza ilikuwa karibu na dirisha, na kazi ilichukua vipindi viwili mfululizo, hivyo picha zilipounganishwa kivuli cha kisima kilionekana kikizunguka kama mshale wa saa huku fisi akiwa bado hajamaliza kugeuza kichwa. Wanafunzi walidhani kishikwambi kimeharibika. Mwalimu, badala ya kufuta, aliwauliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kikisogea, na jiografia ikaingia kwa mlango ambao hakuupanga. Siku iliyofuata walifunika dirisha kwa khanga mbili na kutumia balbu moja.

Sasa nizitazame hoja za upande wa pili, na nianze na ile yenye uzito kuliko zote: muda na idadi ya wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa la watoto 70 au 80, mwenye mada za kumaliza kabla ya mtihani, ana haki ya kucheka anapoambiwa apige picha 360. Tukikadiria nusu dakika kwa kila picha, hizo ni saa tatu, sawa na vipindi vinne na nusu vya dakika 40, na hapo hatujahesabu ufinyanzi wala maandalizi. Sitaki kuipuuza hoja hii kama wanavyofanya wakufunzi wengi wanaokuja na mifano ya madarasa ya watoto 20. Ila hesabu hiyo hiyo inaonyesha njia. Filamu moja ya sekunde 30 kwa picha 8 ni picha 240. Ikigawanywa kwa makundi tisa, kila kundi linawajibika kwa picha 27 hivi, yaani zaidi kidogo ya sekunde tatu, na zamu ya kila kundi mbele ya kamera haizidi robo saa. Makundi mengine wakati huo yanachora mpangilio wa matukio, yanapima hatua, yanasahihisha maneno ya msimulizi. Ukiihesabu kazi hii kama kipindi cha sanaa peke yake, muda hautoshi kamwe, lakini ukiihesabu kama insha moja ya Kiswahili, zoezi moja la vipimo na somo moja la ufinyanzi, muda huo tayari umo katika ratiba. Inafaa mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili. Anayetaka kuifanya kila wiki ataiua.

Hoja ya gharama ina ukweli nusu. Plastisini ya dukani ni ghali kwa shule nyingi, na unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na mafuta, unaopendekezwa mara kwa mara, unafinyangika vizuri lakini mimi naona haya kuupendekeza mahali ambapo baadhi ya watoto wamekuja shule bila kifungua kinywa. Udongo wa mfinyanzi unapatikana kandokando ya mito na mabonde mengi, na tatizo lake ni kukauka na kupasuka, hasa mchana wa joto. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji hawakuwa na kamera akilini, lakini mwalimu anayeifanya kazi hii anaielewa methali hiyo katika maana yake ya kwanza kabisa, na dawa yake ni kitambaa kibichi na ndoo yenye mfuniko. Kuhusu kamera, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 vilikabidhiwa kwa walimu, na programu za kuunganisha picha zikishawekwa hazihitaji intaneti. Upungufu halisi ni wa vitu vidogo vinavyosahauliwa kwenye bajeti. Kinachohitajika ni kitu cha kukishikilia kishikwambi kisitikisike, ambapo matofali mawili na mpira wa baiskeli hufanya kazi nzuri, na nafasi ya kuhifadhi, kwa sababu picha 240 za megabaiti 3 kila moja hukaribia robo tatu ya gigabaiti.

Liko pia swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, hasa mwambao na visiwani, kuhusu kufinyanga sura za viumbe wenye roho. Ni swali la imani, na mwalimu asilijibu kwa dharau. Wapo wanazuoni wengi wanaoruhusu vitu vya kuchezea watoto, wakiegemea hadithi sahihi ya Mtume kuhusu wanasesere wa mkewe, Bibi Aisha, na wapo wenye msimamo mkali zaidi. Kwa bahati njema uhuishaji haulazimishi mnyama wala mtu. Jahazi linaloondoka gatini, chungu kinachojikunja hadi kuwa kikombe, herufi zinazotambaa na kuunda neno, vyote vinafundisha hesabu ile ile na uandishi ule ule. Nimeona walimu wakilifanya jambo hili kuwa mgogoro pasipo sababu.

Nikigeukia upande ninaouunga mkono, lazima niseme kwamba hoja yake inayopendwa zaidi, ile ya ajira, ni dhaifu. Ni kweli kwamba Afrika Mashariki ina wahuishaji wake. Katuni za elimu za Ubongo zilizoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014 zinatazamwa nje ya mipaka yetu, na Nairobi ina studio zilizowahi kufanya kazi kwa ajili ya televisheni za Ulaya. Lakini idadi ya vijana watakaoishi kwa kazi hiyo ni ndogo, na ya wale watakaoishi kwa uhuishaji wa udongo ni ndogo zaidi, kwani hata katika studio kubwa mhuishaji mmoja hutoa sekunde chache tu kwa siku. Tukiwauzia wazazi somo hili kwa ahadi ya ajira, siku watakapogundua kwamba ajira hazipo watalitupa lote. Hatumfundishi mtoto insha ili awe mwandishi wa riwaya.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, hata hivyo, ndiyo inayosikika kwa kelele zaidi sasa. Tangu kampuni ya OpenAI ilipoonyesha Sora, akili mnemba yake ya kutengeneza video kwa maelekezo ya maneno, Februari 2024, na wengine wakafuata, kila mwenye simu anajua kwamba video ya sungura wa udongo anayetembea inaweza kupatikana bila udongo na bila sungura. Kutokana na hilo watu wanahitimisha kwamba shule inayofinyanga inapoteza muda. Hitimisho hilo lingekuwa sahihi kama shule ingekuwa na upungufu wa video za sungura. Darasa la sita la Morogoro halikuwa na shida hiyo, shida yake ilikuwa kwamba watoto 70 hawakuwa wamewahi kulazimika kujiuliza hasira inaonekanaje, au ni sehemu gani ya hadithi yao inaweza kuondolewa bila hadithi kufa. Mashine ikipewa sentensi “fisi alikasirika mno” itaikubali kama ilivyo na kuirembesha, na mtoto ataondoka na sentensi ile ile aliyokuja nayo. Udongo unaikataa. Kikokotoo kimekuwepo kwa miongo mingi na bado tunamtaka mtoto wa darasa la tatu ajue kugawanya kwa mkono, kwa sababu tunajua kwamba anayefanya hesabu ndiye anayejifunza. Isitoshe, mtoto aliyewahi kupanga picha 27 kwa mkono wake anakijua kitu ambacho watu wazima wengi hawakijui, kwamba video ni mlolongo wa maamuzi ya mtu au ya kitu fulani, na kwamba kila kilichomo kingeweza kuwekwa vinginevyo. Katika zama hizi za video bandia zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp ya familia, huo ni ujuzi unaohitajika na kila mtu.

Nilisema nitarudi kwa watoto wa Kinshasa. Kama michoro yao ilivyosema kwa niaba yao, filamu ya udongo ina sifa moja ambayo kamera ya kawaida haina: humwezesha mtoto kusema bila kuonekana. Nick Park wa Aardman alishinda Oscar kwa filamu fupi ya mwaka 1989 iliyochukua sauti halisi za watu wa kawaida wakihojiwa na kuziweka katika vinywa vya wanyama wa udongo, na mbinu hiyo iko ndani ya uwezo wa shule yoyote yenye simu moja. Wanafunzi wanaweza kumrekodi bibi akieleza jinsi kijiji kilivyohama, au mwenzao akieleza safari ya kwenda kisimani alfajiri, kisha kobe au chungu ndiye akayasema maneno hayo. Kwa shule zinazosita, kwa haki kabisa, kuweka sura za wanafunzi mtandaoni, hii ni njia salama zaidi. Lakini inamtaka mwalimu awe tayari kwa yale yatakayosemwa, maana kobe anaweza kueleza kipigo cha nyumbani, na hapo mwalimu anahitaji kujua amwone nani. Sijaona semina inayoligusa jambo hilo.

Yote haya yana matokeo katika namna ya kuipanga kazi na kuipima. Jirani zetu wa Kenya wametangulia katika mtaala wa umahiri, na manung'uniko yaliyosikika zaidi kutoka kwa wazazi wao yalihusu kazi za mikono zilizotumwa nyumbani, ambazo mwishowe zilifanywa na mama usiku kwa gharama yake, mtoto akiwa amelala. Filamu ya udongo ikitumwa nyumbani itapatwa na hayo hayo, tena sasa itatengenezwa na mashine kwa dakika moja, kwa hiyo ifanyike darasani tu au isifanyike. Na upimaji wake usiwe wa filamu. Wathibiti ubora wa shule na walimu wakuu wanapenda kitu cha kuonyeshwa, jambo linaloeleweka, lakini filamu itakayoonyeshwa ni ya darasa zima na haisemi nani alijifunza nini. Kinachosema ni daftari, pale penye hadithi ya kwanza, sentensi zilizokatwa, idadi ya picha iliyokosewa na kurekebishwa, na mchoro wa meza wenye vipimo vya rula. Wahusika wenyewe hawatakuwepo kwenye rafu ya ofisi. Juma lililofuata nilipomuuliza yule mwalimu wa Morogoro kama ningeweza kumpiga picha sungura, alinifunulia ndoo. Sungura alikuwa amekandwa pamoja na fisi na ndoo yake, na darasa la tano walikuwa wameshaanza kumfanya mamba.